Kiredio cha Kuitikia Hodi

Mapinga, 4 Mei 2024

Kwa Saleh Khalfan, Bagamoyo, nyumba ya ghorofa nyuma ya soko la zamani.

Nina miaka sabini na tisa. Nimezika wake wawili, Mungu awarehemu, na ndugu sita wa tumbo moja. Senti yenye tundu imekwisha, mimi nipo. Redio za mbao zimekwisha, santuri zimekwisha, kaseti zimekwisha, na zile sidii ulizojaza dukani ukasema hizi hazina mwisho, zimekwisha nazo, mimi nipo. Daktari mmoja aliniambia mwaka wa themanini na nane niache chumvi, la sivyo sitaufunga mwaka. Mwaka niliufunga. Yeye hakuufunga. Mtu wa namna hiyo leo anaambiwa na mkwe wake, mbele ya beseni la samaki, kwamba Saleh anatangaza huko Bagamoyo kuwa Bwanausi haitikii hodi.

Ummy hakusema kwa ubaya. Anakwenda huko kila siku kununua samaki, akakukuta bandarini, akakusalimu, ukanuna. Alipokuuliza ndipo ukasema hayo.

Nakujibu kwa mkono wangu mwenyewe, kwa herufi nilizofundishwa darasa la watu wazima mwaka wa sabini na tano. Hazikuwa nyingi, lakini nilizopewa sikurudisha hata moja. Meza yangu ya ufundi ilikaa kwenye baraza ya duka lako miaka thelathini na mmoja. Redio ngapi zilikuja kwangu zimekufa zikaondoka zinasema? Wewe ulikuwa unauza, mimi nilikuwa nafufua. Leo nikuone mlangoni ninyamaze?

Masikio yangu nayajua. Mjusi akitembea juu ya bati namsikia, na najua kama ni dume. Kwa hiyo ni moja kati ya mawili. Ama hukuja. Ama ulikuja ukapiga hodi ya kunong'ona kama mtu aliyekuja kuposa na hajatumwa. Sema ni lipi, kisha utake radhi.

Usinipigie simu, simu ni ya watu wasiojua kungoja. Andika, mpe Ummy. Na wewe ni mdogo wangu kwa miaka miwili, barua yako ianze kwa shikamoo.

Ni mimi,
Bwanausi Kondo


Bagamoyo, 7 Mei 2024

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Shikamoo, kwa kuwa unaidai.

Barua yako imefika ikinuka samaki changu, na mwandiko wake kuku angeukana. Nimeisoma mara mbili. Sasa na wewe nisome.

Nilikuja Jumamosi ya tarehe 27 Aprili, baada ya Adhuhuri. Niliteremka barabarani nikaja kwa miguu katika tope la masika, makubazi mkononi, bakuli la halua kwapani. Nikasimama nje ya geti lako. Geti lenyewe linanifika kifuani, kwa hiyo nilikuona vizuri. Ulikuwa umekaa barazani, umenipa mgongo, kofia yako ya kijani kichwani, unabangua korosho. Nikapiga hodi. Ukabangua. Nikapiga ya pili, na sikunong'ona, kuku wa jirani walikimbia. Ukabangua, ukatia moja mdomoni. Nikapiga ya tatu.

Mtu akipiga hodi tatu asiitikwe, amekwisha fahamishwa kwamba hatakiwi, na arudi alikotoka. Hivyo ndivyo tulivyolelewa sote wawili. Wajukuu wangu wewe ndiye uliyewafundisha, pale pale barazani kwangu. Basi nikarudi. Halua nimeila njiani mwenyewe, kwa hasira.

Nilikuja na jambo, Bwanausi. Ruwaida, binti yangu wa Muskat, anataka nihamie kwake moja kwa moja. Anasema nyumba hii ni kubwa kwa mzee mmoja, ngazi zitaniua. Tiketi anaikata, niondoke baada ya Idi Kubwa. Sikumjibu ndiyo wala hapana. Nikasema nitamwuliza Bwanausi, akisema niende nitakwenda, akisema nikae nitakaa. Hukuniitika, nami nimelichukua hilo kuwa jibu.

Wasalaam,
Saleh Khalfan


Mapinga, 11 Mei 2024

Saleh,

Shikamoo nimeipokea, marahaba. Mengine yote sijayapokea.

Siku hiyo nilikuwa katika uradi. Mtu akiwa katika uradi hasemi. Tasbihi yangu ilikatika uzi, nikawa nahesabia korosho. Hiyo moja uliyoniona natia mdomoni ni kwa kusahau.

Lakini mimi si mtu wa kubishana, mimi ni mtu wa kutengeneza. Kuanzia jana hakuna binadamu atakayesimama katika geti langu akakosa jibu, niwe katika uradi, niwe chooni, niwe nimelala. Sikiliza nilichofanya, maana hapa Mapinga hakuna mwingine awezaye, na huko kwenu Bagamoyo aliyekuwa akiweza alikuwa ni mimi.

Majirani hawa walionunua viwanja wakajenga kuta, wameweka kengele za umeme. Mgeni anabonyeza, kitu kinalia ndani kama mbuzi wa plastiki, mwenye nyumba hasemi neno. Ummy akanishauri niweke. Nikakataa. Hodi haijibiwi na mlio, hodi inajibiwa na karibu, tena ya mdomo wa mtu. Basi nikachukua kile kiredio kidogo cha memori kadi, hivi vya Mchina vinavyouzwa barabarani pamoja na soksi. Nikakifungua kwa ncha ya kisu. Ndani hamna kitu, Saleh, utacheka: kibao kimoja kama biskuti, spika kama kifuniko cha soda, betri bapa. Enzi zetu redio ukiifungua unaingia kama unaingia sokoni.

Nikaona tabia yake moja. Ukikiwasha tu, kinaanza kuimba chenyewe wimbo wa kwanza, hakingoji kubonyezwa. Nikasema hapo hapo nimekupata. Nikakata waya mmoja wa betri, nikaurefusha mpaka getini kwa waya wa simu ya zamani. Nikakata vipande viwili vya kopo la maziwa, kimoja nikakipigilia kwenye nguzo, kimoja kwenye geti. Geti likifungwa havigusani. Mgeni akilisukuma kidogo, vinagusana, umeme unapita, kiredio kinaamka. Risasi ya kuchomelea niliiyeyusha kwa msumari niliopasha kwenye jiko la mkaa, mkono haukutetemeka.

Sauti ni yangu. Ummy amenirekodi katika simu yake, mara saba, kwa sababu alikuwa anacheka. Nasema: Karibu. Pita ukae barazani. Nakuja. Akaipeleka kwa hawa vijana wa dukani wanaoingiza nyimbo kwenye memori kadi, wakaiweka iwe ya kwanza. Kiredio nimekitundika chini ya paa la baraza, kimeelekea getini. Njoo ukijaribu.

Habari ya Muskat sisemi kitu katika karatasi. Jambo kama hilo mtu huulizwa uso kwa uso. Njoo, piga hodi, utaitikwa.

Ni mimi,
Bwanausi Kondo, fundi


Bagamoyo, 17 Mei 2024

Assalaamu alaykum.

Nimemtembelea Maalim Muadh, imamu wenu, amelala kwa dada yake hapa mjini. Amenisimulia.

Anasema alikuja kwako Jumatatu alasiri na msahafu mkononi, kukujulia hali kwa kuwa hakukuona msikitini siku mbili. Akapiga hodi, akaligusa geti. Akasikia sauti yako, karibu, pita ukae barazani, nakuja. Akafurahi. Akaingia bila kulifunga geti, akaketi, akasema Alhamdulillah. Hapo ndipo ulipoanza wimbo wa pili. Anasema ilikuwa singeli, ile ya mbio kabisa, na msichana ndani yake akieleza anavyotaka kushikwa. Maalim akasimama, hajui akimbie au azime, na cha kuzima hakioni kilipo. Wapita njia wakasimama kwenye geti wakidhani kuna ngoma. Na wewe hukutokea. Amekaa nyimbo tatu, akaondoka.

Nimecheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikakumbuka kwamba nimekukasirikia.

Maana sikuja kumpigia hodi Mchina, Bwanausi. Miaka hamsini nimeitikwa na wewe. Miaka miwili sasa hutaki simu, unasema ni ya watu wasiojua kungoja. Harusini kwa mjukuu wangu ulikaa kimya pembeni, wewe, uliyekuwa ukitufanya tushindwe kula kwa maneno. Nikakupigia hodi hukuitika. Sasa umenitengenezea kopo la kunisemesha. Kama nimekukosea, sema nilichokosa nikutake radhi tuachane vizuri.

Tiketi imekatwa, tarehe 22 Juni.

Saleh


Mapinga, 22 Mei 2024

Saleh,

Wale vijana wa dukani ni washenzi, nimekwenda mwenyewe kuwaambia. Niliagiza sauti yangu, wao wakaongeza nyimbo mia nne, wananiambia mzee ni ofa. Maalim nimemtaka radhi. Amesamehe, ila ameniomba nisikae naye karibu kwa siku chache kwa sababu akiniona anasikia ile ngoma.

Nyimbo zote zimefutwa. Imebaki sauti yangu peke yake. Kazi ikawa safi kabisa, na nisingekuwa na la kukueleza kama si Sabiha, balozi wetu wa shina, mama mwenye pupa asiyejua kukaa.

Alikuja juzi baada ya Alasiri kuandikisha watu wa mkutano wa barabara. Kasukuma geti, kaingia, hakulifunga. Sasa kiredio, kikimaliza wimbo wa mwisho kinarudi wa kwanza, na wa kwanza na wa mwisho ni mimi. Kwa hiyo kikasema karibu, pita ukae barazani, nakuja. Kikapumua. Kikasema karibu, pita ukae barazani, nakuja. Sabiha anadai amehesabu mara mia na arobaini kabla hajachoka kuhesabu. Anadai mwanzo alikuwa anaitika ahsante, kila mara, kwa adabu, halafu akaona anafanyiwa kejeli na mzee mzima. Ummy aliporudi karibu na Magharibi kamkuta amesimama katikati ya uwanja, daftari limekunjwa kama fimbo.

Nami nilikuwa wapi? Nilikuwa papo hapo, nyuma ya nyumba, hatua ishirini, nasuka kamba ya kitanda. Sasa nakuuliza wewe mwenye akili, kosa la nani? Angekuja akanigusa bega. Ummy akaniambia baba, sauti yako ilikuwa inapiga kelele saa nzima na nusu, mtaa mzima umeisikia, wewe hukuisikia? Nikamwambia nani anasikiliza sauti yake mwenyewe. Akanitazama. Sikupenda alivyonitazama.

Ufundi wenyewe hauna kosa. Unaita, unaitikia, unakaribisha. Kimepungua kitu kidogo tu na ninakifikiria.

Hujanikosea lolote, Saleh. Nimeliandika hili kwa herufi kubwa ulione: HUJANIKOSEA. Usipande ndege kabla hujaja.

Bwanausi Kondo


Bagamoyo, 28 Mei 2024

Assalaamu alaykum.

Nimeziona herufi kubwa.

Nitakuja kukuaga Jumamosi ya tarehe 8 Juni, baada ya Adhuhuri. Nitapiga hodi kama nilivyopiga siku ile, nikiwa nimesimama pale pale. Nataka kuitikwa na wewe, kwa sauti iliyo hai. Kikiniitikia kile kidude chako, nageuka, na safari hii sirudi nyumbani, nakwenda Muskat.

Saleh


Mapinga, 1 Juni 2024

Saleh,

Njoo. Utaitikwa na mdomo huu huu. Ummy atakuwa sokoni, nitakuwa peke yangu, kwa hiyo hakuna atakayeniambia fulani amekuja. Nitakusikia mwenyewe. Neno langu hilo.

Bwanausi


Bagamoyo, 9 Juni 2024

Mwanangu Ruwaida,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Hatujambo, tunamshukuru Mungu. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nina jambo la kukueleza polepole, na katika simu huwa unanijibu kabla sijamaliza.

Jana nilikwenda Mapinga kwa Bwanausi. Unajua tulivyokuwa na ugomvi, nilikwambia, kwamba nilimpigia hodi tatu akanigeuzia mgongo. Nilikwenda nikiwa nimevaa kanzu nyeupe, nimejipanga kwa maneno ya kuagana, mazito, nimeyasoma mbele ya kioo.

Nilipofika getini nilimwona. Safari hii alikuwa amekaa barazani kwenye kigoda, amevaa kanzu ya Idi ingawa Idi haijafika. Alikuwa ameinama mbele ya meza yake ya ufundi, ile ile iliyokuwa dukani kwetu, anatazama kitu juu ya meza. Alikuwa anakikazia macho kama paka aliyeona tundu la panya. Nikapiga hodi. Hakugeuka. Nikapiga ya pili, kwa nguvu. Mwanamke aliyekuwa akipita na ndoo akageuka, Bwanausi hakugeuka, aliendelea kutazama meza. Nikainua shingo nione ni nini kinachomzuia asinitazame.

Juu ya meza palikuwa na kile kiredio chake. Amekitoa chini ya paa alikokitundika. Amekivua gamba, ameking'oa spika, na pale kwenye nyaya za spika ameunga kitaa chekundu, vile vidogo vya chaja ya tochi. Waya unaanzia mezani, unapita ukutani, unakuja mpaka kwenye geti nililosimama. Mimi nimeuza vitu hivi maisha yangu yote, nilielewa mara moja. Sikutakiwa kusikia kitu. Yeye ndiye aliyetakiwa kuona. Geti likiguswa, sauti yake inapita katika kile kibao bila kutoka, na kitaa kinawakawaka mbele ya macho yake, ndipo ajue kuna mtu.

Hasikii, Ruwaida. Nilisimama pale nikaikumbuka simu aliyoikataa, na harusi ya mwanao alivyokaa pembeni, na korosho, na Sabiha, na Maalim na singeli yake. Nilikuwa nimeona aibu kabla sijamaliza kuhesabu. Rafiki yangu haniitikii kwa kuwa hanisikii, nami nimemwandikia barua za kumkata maini.

Na hapo nikaona alipokosea. Yeye fundi, ametega mtego wake kwenye geti, akasahau anamtegea nani. Bibi yangu alinichapa mkono nikiwa na miaka minne kwa kugusa mlango wa watu kabla ya kukaribishwa. Sijawahi kugusa geti la mtu tangu siku hiyo. Watu wengine wote husukuma huku wanapiga hodi, mimi husimama nikiwa nimeweka mikono nyuma. Ningesimama pale mpaka Magharibi, naye angetazama kile kitaa mpaka Magharibi, kila mmoja ametimiza neno lake.

Jirani yake aliniambia baadaye kwamba alikuwa amekaa hivyo tangu alfajiri. Uji aliunywa akitazama kitaa.

Nikapiga hodi ya tatu, taratibu, kwa ajili ya desturi tu. Kisha nikanyoosha mkono, bibi anisamehe, nikalisukuma geti.

Kitaa kikawaka. Ungemwona. Aliruka kutoka kwenye kigoda kama mwenye miaka ishirini, akakifunika kitaa kwa kofia yake nisikione, akageuka, mikono amenyoosha, na kwa sauti ya kusikika mpaka Kiwangwa akasema:

"Karibu, Saleh. Karibu sana. Nimekusikia tangu uko barabarani."

Nikamwambia nimekaribia. Yale maneno mazito ya kioo sijui yalikwenda wapi. Tulishikana mikono mpaka kofia ikaanza kung'aa wekundu, maana geti nililiacha wazi, akaenda kulifunga anajikohoza.

Alichemsha kahawa mwenyewe. Nikakaa mbele yake, si pembeni, nikasema naye polepole, na nikamwona anatazama midomo yangu. Hakukosa neno. Nikamwuliza lile nililokwenda kumwuliza mara ya kwanza, niende Muskat au nikae. Hakufikiri hata kidogo.

"Kaa hapa, Saleh. Huko nani atakuelewa ukikasirika?"

Basi, mwanangu, sitakuja kuhama. Usilie na usinipigie simu kwa hasira. Chumba cha juu nitakifunga, nitalala chini, ngazi hazitaniua. Nitakuja kukutembelea wakati wa baridi, mwezi mmoja, na tiketi iwe ya kwenda na kurudi. Lakini mtu aliyekaa tangu alfajiri akitazama kitaa kwa kuogopa asinikose, mtu huyo simwachi Mapinga peke yake na nyaya zake.

Kabla ya kuondoka nilimwambia, kama mfanyabiashara kwa fundi, kwamba wageni wengine ni wazee kama sisi na hawana nguvu za kusukuma geti, je, hawezi kuweka kitu cha kukanyaga nje, pale mtu anaposimama? Akasema wazo hilo alikuwa nalo tangu zamani.

Sikumwambia nilichokiona. Na wewe ukimwona usimwambie. Sema naye ukiwa mbele yake, inatosha.

Baba yako,
Saleh Khalfan


Mapinga, 23 Juni 2024

Kwa mtoto wetu Ruwaida, Muskat.

Marahaba. Najua ungeniamkia, kwa hiyo naipokea mapema.

Jana ilikuwa siku ya ndege na baba yako hakupanda. Nimesikia umekasirika, ukasema Bwanausi amemloga. Sikumloga. Nakueleza yaliyotokea, kwa sababu baba yako ni mfanyabiashara na wafanyabiashara hupunguza mambo.

Alikuwa amenuna. Aliapa akipiga hodi nisiitike mwenyewe, anakuja kwako asirudi. Siku yenyewe nilikuwa mezani kwangu, sina habari, nashughulika na ufundi. Baba yako akafika getini. Hakumaliza neno, amefika kwenye ho, nikamwitikia. Akashtuka. Mtu wa miaka sabini na saba macho yakamjaa maji, akaniambia Bwanausi masikio yako ni ya popo. Hilo la popo sikulitunga.

Kuna kitaa kidogo chekundu mezani kwangu, pengine ameshakusimulia. Kile ni cha pambo. Lakini kwa kuwa wewe ni mtoto wa duka la redio nakueleza, utafurahi. Kwanza nilijaribu cheupe cha tochi, kikafifia, hakikuwa na nguvu. Chekundu kikakubali mara moja, kinataka umeme kidogo. Ndani ya memori kadi imo sauti yangu ikisema karibu. Sauti inapofika mahali pa spika haikuti spika, inakuta kitaa, inageuka mwanga. Kila neno lina mwako wake. Ka ni mfupi, ri ni mfupi zaidi, bu unavutika. Nimekaa nikiitazama sauti yangu na nikuambie, ni sauti nzuri. Miaka yote hii nilikuwa naisikia tu.

Wiki iliyopita, siku ya pili ya Idi, mimi na baba yako tumefanya kazi moja kubwa. Nimepata wazo la kuweka ubao nje ya geti, pale mgeni anaposimama. Chini ya ubao kuna vile vipande vya kopo na sponji ya godoro katikati. Mtu akisimama, sponji inabonyea, kitaa kinawaka, hata kama ni mtu wa adabu nyingi anayeweka mikono nyuma. Baba yako alishika tochi na kunipa misumari. Alinipa mibaya miwili. Sabiha balozi ndiye wa kwanza kukanyaga. Nilimwitikia kabla hajafungua mdomo, akabaki kaduwaa, nikamwandikia jina langu katika daftari lake na kumpa korosho, na ameniteua niwe mwenyekiti wa kamati ya barabara. Ndivyo fundi anavyopandishwa cheo.

Jumamosi zote baba yako yuko hapa, na hii ya jana amelala kabisa. Tumepata kiredio kingine, tunakifungua kesho, yeye anataka na mlango wake wa chini uwe na kitaa, anasema usingizi wake umekuwa mzito. Namhurumia. Uzee haumkuti kila mtu kwa pamoja.

Wewe na watoto njooni. Mkifika, kanyageni ubao kwa mguu mzima, si kwa vidole, ndipo mpige hodi. Siku hizi kwangu ndio utaratibu, kwa wageni wote, wala si kwa sababu nyingine. Na mkishaingia kaeni mbele yangu, napenda kuwaona watoto wa Saleh usoni wanaposema. Baba yako naye ameanza kukaa hivyo bila kuambiwa. Sijamwuliza kwa nini. Nashukuru tu.

Yote niliyoandika yana mashahidi. Yupo Ummy mkwe wangu, aliyenirekodi akicheka. Yupo Maalim Muadh, ambaye amerudi kukaa karibu nami safu ya mbele. Yupo Sabiha, hanipendi sana lakini hasemi uongo. Na kwamba nilimsikia Saleh hodi ya kwanza, tena nusu yake, shahidi ni baba yako mwenyewe. Yuko hapa pembeni anamaliza korosho zangu, na amekubali kuweka mkono wake hapa chini.

Bwanausi Kondo, fundi

Nashuhudia. Hodi ilikuwa moja, na aliitika.
Saleh Khalfan